Weka kabla ya kuondoa: mwongozo wa nusu mwaka wa kuhamia chakula cha mimea

Kwetu Dar es Salaam mtu akirudi nyumbani jioni huuliza, "Leo mboga nini?" Jibu laweza kuwa nyama ya ng'ombe, dagaa, mayai, maharage au kisamvu. Zote ni mboga. Lugha yetu haikuitenga nyama na majani. Kinachoshushia ugali ni mboga, basi. Nimelisikia swali hilo tangu utotoni, lakini sikulitafakari mpaka nilipotaka kupunguza nyama nyumbani kwangu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa naacha chakula. Nilikuwa nabadilisha zamu za mboga.

Jaribio la kwanza lilishindikana. Niliondoa nyama Jumatatu moja, ghafla, na kwa karibu wiki mbili tukala maharage ya maji na chumvi. Watoto wakasema ni kama chakula cha bweni, na walikuwa sahihi. Nilikuwa nimeondoa kitu kabla ya kuwa na kitu kizuri cha kuweka mahali pake. Mwongozo huu wote umesimama juu ya somo hilo: kwanza jifunze kupika mboga za mimea mpaka ziombwe, halafu nyama itapungua bila ugomvi.

Ninaposema kula mimea zaidi, sina maana ya kuacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa. Nina maana kwamba ukihesabu milo 14 ya mchana na usiku katika wiki, kumi au kumi na mmoja iwe ya mimea mitupu, na iliyobaki uitumie upendavyo. Ni lengo linalofikika. Wengi wetu bibi zetu walikula hivyo bila kuupa ulaji huo jina lolote, nyama ikingoja sikukuu au mgeni.

Wenye sababu za kiafya wana msingi. Mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama za viwandani, kama soseji na bekoni, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha. Wengine sababu yao ni mfuko. Yoyote inatosha.

Wanaopaswa kuongea na daktari kwanza

Kama unatumia dawa za kisukari, mabadiliko ya chakula yanaweza kushusha sukari kuliko ulivyozoea, na dozi ikahitaji kupangwa upya. Kama unatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na dawa hiyo, kwa hiyo usiongeze mchicha kwa ghafla bila kumwambia daktari wako. Mwenye figo dhaifu naye aulize, maana maharage na ndizi vina potasiamu nyingi. Na mtoto aliye chini ya miaka miwili aendelee kupata yai, samaki, dagaa au nyama. Tumbo lake ni dogo, mahitaji yake ya madini ya chuma na zinki ni makubwa, na uji wa nafaka peke yake haumtoshi. Usimweke kwenye mpango wako.

Mwezi wa kwanza: usiondoe kitu

Chukua daftari. Kwa wiki moja andika mboga ya kila mlo wa mchana na usiku, na uandike pia ulikunywa nini pamoja na chakula; utaihitaji taarifa hiyo baadaye. Langu lilionyesha milo 11 kati ya 14 yenye nyama, kuku, samaki, dagaa au mayai. Kilichonishtua zaidi ni majani. Hayakuwahi kuwa mboga yenyewe hata siku moja. Yalikaa pembeni ya sahani kama pambo.

Wiki tatu zinazobaki, endelea kula nyama yako kama kawaida na ujifunze kupika vitu viwili tu: maharage na choroko. Pika kila kimoja angalau mara tatu. Nakuomba usiruke hapa.

Kwanza maharage. Nunua ya msimu huu. Maharage yaliyokaa sana ghalani hugoma kuiva hata uyachemshe nusu siku, na mtu huishia kulaumu jiko. Muulize muuzaji, na nunua nusu kilo ya majaribio kabla ya kubeba kilo tano. Ya njano na gololi huiva laini na kutoa rojo. Mekundu yana ladha nzito na hushikilia umbo.

Yachambue kwenye ungo, yaoshe, yaloweke usiku kucha kwenye maji mara tatu ya ujazo wake, saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji yale. Yamebeba sehemu ya sukari ambazo tumbo haliwezi kuzisaga, na hizo ndizo zinazoleta gesi. Weka maji mapya, washa moto mkali, na yakishaanza kutokota yaache yatokote kwa nguvu dakika 10 kamili kabla ya kupunguza moto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini, sumu ya asili inayoweza kumtapisha mtu vibaya, na moto mdogo peke yake hauimalizi. Nyanya na ndimu zisubiri mpaka yaive, kwa sababu uchachu huyafanya magumu. Magadi sikushauri: yanalainisha kweli, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu, jambo lisilomfaa mwenye presha. Ukiloweka huyahitaji.

Sasa kuunga, na hapa ndipo maharage ya nyumbani yanapoachana na maharage ya bweni. Kwa nusu kilo ya maharage makavu, inayotosha watu watano au sita, andaa vitunguu viwili vikubwa, nyanya nne zilizoiva, karoti moja, hoho nusu, punje nne za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko vitatu vya chakula na nazi moja. Kaanga vitunguu kwa moto wa wastani mpaka viwe kahawia. Ni kama dakika 10, na usiziibe. Ule ukahawia ndio unaoleta ladha nzito ambayo watu wanadhani inatoka kwenye nyama tu. Tia kitunguu saumu, tangawizi na bizari, koroga nusu dakika. Tia nyanya, zipike mpaka zipondeke kabisa na mafuta yaanze kujitenga pembeni ya sufuria. Karoti na hoho zifuate.

Mimina maharage na upawa mmoja wa maji yake. Ponda sehemu yake kwa mgongo wa mwiko ili rojo liwe zito. Tia tui jepesi, liache lichemke taratibu dakika 10. Mwisho tia tui zito, koroga bila kufunika, na mara tu linapoanza kutokota epua, lisije likakatika. Chumvi na giligilani umalizie. Siku nyingine acha nazi na utie karanga zilizosagwa, hasa kama daktari amekuonya kuhusu lehemu, maana mafuta ya nazi ni ya aina inayoipandisha.

Choroko ni rahisi zaidi. Haihitaji kulowekwa, huiva chini ya saa moja, na huungwa vilevile. Ndiyo mboga ya siku uliyosahau kuloweka. Ukifuata mapishi ya Kenya kumbuka kwamba wao huiita ndengu, wakati dengu yetu ni punje nyingine kabisa, kubwa na ya mviringo wenye ncha.

Kama unaweza, nunua sufuria ya presha. Maharage yaliyolowekwa huiva humo kwa chini ya nusu saa, na gesi ya kupikia utakayookoa itarudisha bei yake.

Mwezi wa pili: nyama iwe kiungo

Bado hujaondoa mlo wowote. Unachopunguza ni kiasi ndani ya sufuria. Palipokuwa na nusu kilo weka robo, ikatwe vipande vidogo, na nafasi ijazwe na njegere, viazi, bilinganya, bamia au uyoga. Pilau ya robo kilo yenye njegere na vitunguu vilivyokaangwa vizuri haina anayeilalamikia. Ndizi nyama vivyo hivyo: zidisha ndizi, karoti na nyanya, nyama ibaki kutoa harufu. Baada ya wiki mbili punguza tena kidogo.

Nyama ya soya, ile ya vipande vikavu, inasaidia wengine katika mwezi huu. Iloweke kwenye maji ya moto, ikamue kabisa, rudia mara mbili, kisha iunge kama nyama. Mimi naiona ni daraja zuri, lakini watoto wangu walipenda kunde za nazi kuliko hiyo, nami sikuwabembeleza.

Mwezi wa tatu hadi wa tano: siku mbili, kisha nne

Chagua siku mbili katika wiki ambazo chakula cha nyumbani kitakuwa cha mimea mchana na usiku. Usichague Jumapili wala siku mnayopata wageni. Kwetu zilikuwa Jumatatu na Jumatano. Wakatoliki wenye desturi ya kutokula nyama Ijumaa za Kwaresima tayari wanayo siku ya kuanzia. Zikizoeleka, kwa kawaida baada ya wiki tatu au nne, ongeza mbili nyingine.

Hapa utahitaji mapishi mengi kuliko mawili, na ndipo utajiri wetu unapoonekana. Pwani kuna mbaazi za nazi kwa mahamri asubuhi, chakula ambacho Tanga, Mombasa na Unguja hawahitaji kufundishwa. Upareni kuna makande. Uchagani kuna kiburu, ndizi na maharage. Kagera nao wana ndizi zao na maharage. Dodoma na Singida wana mlenda wa karanga. Kuna njugu mawe za kuchemsha, kunde, fiwi, dengu za viungo, kisamvu, matembele, majani ya maboga. Haya ni mapishi yaliyokamilika, yenye wataalamu wake, na mengi hayakuwa na nyama tangu mwanzo. Mtafute shangazi anayejua na ukae jikoni kwake siku moja. Utajifunza kuliko kwenye video kumi.

Mbaazi niziongelee kidogo zaidi. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoingiza, wakulima wa Lindi, Mtwara na Babati walibaki na magunia na bei ikaporomoka. Tulikuwa tunalima chakula kizuri namna hii na wengi wetu bara hatukijui kukipika. Mbaazi kavu ziloweke, zichemshe mpaka zifunguke, kisha tui jepesi, kitunguu, pilipili nzima, chumvi, na tui zito mwishoni. Hakuna kukaanga. Zile na chapati au wali siku ambayo huna muda wa mahamri.

Mchana kazini, wali maharage wa mama lishe ndio rafiki yako. Muombe aongeze mchicha, na mwambie mapema asimwagie mchuzi wa nyama juu, kwa sababu wengi hufanya hivyo kwa ukarimu.

Majani, na tahadhari mbili

Kuanzia mwezi wa tatu kila siku iwe na majani, fungu zima kwa watu watatu na si kijiko. Mchicha, figili, sukuma wiki, mnavu, majani ya kunde: yabadilishe. Yaoshe kabla ya kukata, yakate, yapike muda mfupi. Ukiyachemsha na kumwaga maji, vitamini nyingi zimeenda na yale maji.

Kisamvu hakimo kwenye sheria hiyo. Majani ya mihogo yana kemikali zinazotoa sianidi, na usalama wake uko kwenye kutwanga na kuchemsha. Kitwange au kisage kilainike, kichemshe muda mrefu bila kufunika sufuria ili mvuke utoke, ndipo utie karanga au nazi. Usikipike nusunusu kwa sababu una haraka.

Tahadhari ya pili ni sumukuvu. Utakapokula mimea zaidi utakula karanga na mahindi zaidi, na hivyo ndivyo vinavyoshambuliwa na kuvu wanaotoa sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu. Kupika hakuimalizi. Nunua karanga nzima, zichambue, tupa zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zinazochacha mdomoni, halafu usage mwenyewe. Karanga ya unga iliyosagwa na mtu usiyemjua huwezi kujua ilikuwaje.

Virutubisho: maswali ambayo utaulizwa

Utaulizwa kwanza protini utapata wapi. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku. Gramu 100 za maharage makavu zina takriban gramu 22, choroko 24, karanga 25, soya 36. Nafaka nazo zinachangia. Protini hujengwa na vipande vidogo vingi. Mahindi yana upungufu wa kimoja kiitwacho lisini, ambacho maharage yanacho tele, na maharage yana upungufu wa kingine kiitwacho methionini, ambacho nafaka inacho. Ndiyo maana makande na wali maharage vimekamilishana, na wala si lazima vikutane kwenye sahani moja. Vikipatikana ndani ya siku inatosha.

Madini ya chuma yanahitaji akili zaidi. Chuma cha mimea hunyonywa kwa shida kuliko cha nyama, ila vitamini C huisaidia sana. Kamulia ndimu kwenye choroko iliyo tayari sahanini, kula pera, chungwa au embe pamoja na chakula, au unywe juisi ya ubuyu. Chai na kahawa hufanya kinyume. Angalia daftari lako la wiki ya kwanza: kama chai ilikuwa mezani kila mlo, isogeze saa moja au mbili mbele. Wanawake wanaopata hedhi na wajawazito walipe jambo hili uzito, na mjamzito asiache vidonge vya kliniki.

Vitamini B12 haina mjadala. Mimea haitoi kiasi cha kutegemewa. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 2.4 kwa siku. Ukiendelea kula samaki, mayai au maziwa mara kadhaa kwa wiki, huenda unapata. Ukiamua siku moja kuacha vyote, meza kidonge cha B12 maisha yako yote au tumia vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Upungufu wake huja polepole, unaweza kuchukua miaka kwa sababu ini lina akiba, na huanza na uchovu, ganzi mikononi na miguuni, kusahau. Ukichelewa mishipa ya fahamu inaweza isirudi sawa.

Kalsiamu ya mchicha haitegemeki sana kwa sababu imefungwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye majani hayo. Sukuma wiki, figili, kabichi na majani ya mlonge ni bora zaidi, na dagaa wanaoliwa na mifupa bado wana nafasi kwenye ile milo mitatu au minne iliyobaki. Kuloweka, kuchachusha na kuotesha mbegu husaidia zinki ipatikane. Na tumia chumvi yenye madini joto, kwa kiasi.

Chipsi, soda, maandazi na ugali wa sembe na kachumbari navyo ni mimea mitupu. Nimeona watu wakiacha nyama na kujaza nafasi kwa vitu hivyo, na sukari ikapanda. Hamia dona hatua kwa hatua, ukichanganya nusu kwa nusu na sembe mwanzoni, na mboga iwe nyingi kuliko ugali.

Tumbo na watu

Gesi itakuja, hasa wiki mbili za mwanzo za siku za mimea. Anza na nusu kikombe cha maharage, si sahani nzima, kunywa maji ya kutosha, loweka na mwaga kama nilivyosema. Choroko huwa nyepesi zaidi kwa wengi. Utumbo huzoea.

Watu ni kazi kubwa zaidi. Waliniuliza mimi, na watakuuliza wewe, kama umekuwa Msabato, kama unaumwa, kama fedha zimekata. Nilichojifunza ni kutotangaza. Pika vizuri, weka mezani, nyamaza. Mgeni akija nami napika nyama au kuku, kwa sababu kwetu hiyo ni lugha ya kumheshimu, na siko tayari kumnyima mtu heshima yake kwa ajili ya mpango wangu wa chakula. Naongeza tu bakuli la mbaazi na la majani, na mara nyingi hayo ndiyo yanayokwisha. Harusini, Idi na Krismasi kula kinacholiwa. Kwa mama mkwe usiende na masharti. Mpigie simu mapema, umwambie, "Mama, nina hamu ya kisamvu chako," na atakipika kwa furaha.

Mwenza asiyekubali asilazimishwe. Katika mwezi wa nne na wa tano wacha yeye aongeze yai au kipande cha samaki kwenye sahani yake juu ya mboga ile ile mnayokula wote. Jiko linabaki moja, na hakuna anayehisi ameadhibiwa.

Mwezi wa sita: kuifanya ijiendeshe

Rudia wiki ya daftari na uhesabu. Ukiwa na milo minane ya mimea kati ya 14, uko vizuri. Kaa hapo mpaka isiwe kazi ndipo uongeze. Kama unajisikia mchovu isivyo kawaida, pima wingi wa damu kituo cha afya badala ya kubahatisha.

Kinachowaangusha wengi mwezi huu ni uchovu wa jioni, na dawa yake ni Jumamosi usiku. Loweka kilo mbili za maharage na kilo moja ya mbaazi. Jumapili asubuhi zichemshe mpaka ziive bila kuziunga, kila moja na sufuria yake. Kilo moja ya maharage makavu hutoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Ziache zipoe, zigawe kwenye mifuko au vikopo vya mlo mmoja mmoja pamoja na maji yake kidogo, weka kwenye friza. Kama huna friza, pika za siku mbili tu, ziweke kwenye friji, na kama huna friji zichemshe upya asubuhi na jioni. Kwenye friza hukaa hata miezi miwili.

Jumatano ukikwama kwenye foleni na kufika nyumbani saa mbili usiku, unatoa kopo moja, unakata vitunguu viwili, na dakika 25 baadaye mboga iko mezani.